Kaa Mwenye Jino la Dhahabu

Msambweni, Jumatatu

Kaka Abdulaziz,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima, ila mimi sikai nikatulia. Yule kaa wa kitabu chako, anayemeza mashamba ya watu na kuyatapika yakiwa hoteli, sasa mafundi wa rangi wanamchora vibandani kutoka Ukunda hadi Kombani. Lile jino la dhahabu tu ndilo wanaloliacha, kwa kumstahi baba, maana lake kila mtu analijua.

Baba kitabu hajakiona. Alimwona kaa kibandani, akampenda, akaagiza achorwe nyuma ya tuktuk yake. Nilitaka kumzuia, nikaishia kufuatana naye kwa fundi. Fundi akaniuliza pembeni, "Dada, na jino nilitie?" Nikamwambia aliache. Baba akasikia, akasema litiwe, hataki kazi nusu.

Ijumaa tuktuk ikaletwa. Baba alicheka peke yake. Wenzake barazani walitazama jino la kaa, kisha wakatazama mdomo wake. Akaufunga.

Leo ameniambia nikuandikie, nikuulize utakuja lini. Alisema kwa upole, kaka, huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Ni mimi nduguyo,
Twaiba