Nurudini Amemfuta Haidari

Asmahani, acha kuchambua maharage usome hii!

Natoka kwa Kuruthumu. Hitma ya mwaka ya mwanawe Haidari imeisha kwa ugomvi.

Yule Nurudini aliyekuwa akirap na marehemu kasimama, miwani ya jua ndani ya nyumba, ati, "Wazee, Haidari angekuwa hai angekuwa Dar saa hizi. Kurap kwa Kiha angeshaacha. Angeimba mapenzi." Akawasha spika, ukaanza wimbo wa Haidari aliokwisha kuutengeneza upya.

Sauti ya marehemu kweli. Kuruthumu akasubiri pale Haidari alipokuwa akiwasifu kwa Kiha ng'ombe wa babu yake, kisha akimtaja mama yake. Akasubiri, akasubiri. Wimbo ukaisha.

"Mimi niko wapi?"

"Nimepatoa, mama. Pangemrudisha nyuma."

"Parudishe."

"Nilishafuta, mama."

Nilishafuta! Kasema hivyo hivyo, shoga, na sambusa mkononi! Na rekodi ilikuwa hiyo moja tu.

Kuruthumu hakulia. Alimnyang'anya ile sambusa, akairudisha kwenye sinia. "Umenizikia mtoto mara ya pili, halafu unakula?"

Kisha akasimama mbele ya wanaume wote, akawasifu wale ng'ombe mmoja mmoja, bila kuvuta pumzi, vilevile kama mwanawe. Maana Haidari alijifunzia kwake, akiwa bado mgongoni.

Mwisho akajitaja jina lake mwenyewe, akamwinamia Nurudini usoni.

"Haya. Na hii ifute."