Neno la mwisho kwenye barua ya Babu

Jumapili, Masasi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Shule zimefungwa, sina kipindi wala daftari la kusahihisha, na kutwa nzima nimekaa tu nimeshika tama.

Nimedanganya. Nianze na hilo.

Mnaopita kwenye blogu hii mnaujua ugonjwa wangu: maneno ya Kiingereza yaliyozeeka, ambayo hata wenyewe wameyatupa. Nayakusanya kwenye daftari kama wenzangu wanavyokusanya vitenge. Lipo overmorrow, maana yake keshokutwa. Waingereza walikuwa na keshokutwa yao wakaipoteza, ilhali mafundi wa hapa Masasi wanatuzungusha kwa ya kwetu kila wiki. Mambo kama hayo hunifurahisha.

Jana hayakunifurahisha.

Babu yangu mzaa mama anaishi Makote, kule Newala. Ana barua ya sifa aliyopewa kabla ya uhuru na Mzungu msimamizi wa shamba la mkonge, upande wa Lindi. Babu hajui kusoma. Zamani Mjomba alimsomea kidogo, akamwambia imeandikwa kuwa yeye ni msafi, ana nguvu, ni mwaminifu. Yaliyomshinda Mjomba aliyaruka. Sasa Babu amezeeka, akataka kuisikia yote. Akaita ukoo, kuku wakachinjwa, na mimi mwenye digrii ya Kiingereza nikakalishwa mbele.

Nikasoma. Msafi, sawa. Mwenye nguvu, sawa. Mwaminifu, sawa. Nikafika mstari wa mwisho, na mwisho wa mstari kuna neno moja: contumacious.

Ninalijua. Limo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza kabisa. Ni mtu mkaidi, anayeamriwa na wakubwa akagoma.

Babu alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, mikono juu ya magoti, ananisubiri. Nikasema neno hili limezeeka mno, silijui, nitaondoka na barua nikalitafute kwenye kamusi. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Mama mdogo akauliza kama chuo kinaweza kunirudishia ada. Nikacheka nao, nikijiona nimeokoa shughuli.

Babu akanisindikiza hadi zinaposimama bodaboda.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo anavyonitania tangu utotoni, "barua ile nimezunguka nayo nikitafuta kazi. Lindi, Mtwara, Nachingwea. Kila Mzungu anaisoma, anatikisa kichwa kukubali. Akifika mwisho ananitazama usoni, ananirudishia. Nikajua ni hizi."

Akagusa chale za mashavuni, zile walizochanjwa Wamakonde wa rika lake.

"Barua ilikuwa nzuri. Kilichoniponza ni uso."

Akasema ndiyo maana alikataa wanawe kuchanjwa. Baba yake aliona ameutukana ukoo, akamnunia mpaka anaingia kaburini. Mama yangu ana mashavu laini, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikamuuliza kama aligombana na yule msimamizi. Hapana, akajibu. Ila siku ya kumzika dada yake aliitwa kazini, naye akakataa kwenda. Akafukuzwa, lakini barua akapewa, na mpaka leo anamsifu yule Mzungu kwa ungwana.

Nilipanda bodaboda bila kuaga vizuri.

Sasa nimechanganyikiwa. Nina hasira na mtu aliyekufa ambaye hata jina lake sijalisoma sawasawa, kwa jinsi saini yake ilivyofifia. Nikimwambia Babu ukweli, nitakuwa nimemrudishia uso wake. Lakini nitamnyang'anya barua, na nitamwachia ugomvi na baba yake ambao haukuwa na sababu. Atafanya nao nini katika umri ule? Amwombe nani msamaha? Nikinyamaza, atazikwa akiamini mashavu yake ndiyo yaliyomkosesha kazi.

Leo mchana nilichukua karatasi nikaandika maana ya uongo: "mtu jasiri". Nikaifuta. Nikaiandika tena, kwa sababu kwangu mimi aliyegoma kwenda kazini ili amzike dada yake ni jasiri kweli. Nikaifuta tena. Mzungu hakuandika hivyo, na wale waliomrudishia Babu barua hawakusoma hivyo.

Miaka yote hii nimeyapenda maneno haya kwa kuwa yamekufa, nikidhani hayawezi kumdhuru mtu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani.

Kinachonitesa zaidi ni alichoniambia Babu nikiwa tayari nimeshakaa kwenye pikipiki. Alinishika bega akasema, "Hilo neno lililokushinda, litafute, mke wangu. Huenda ndilo tamu kuliko yote."

Kesho nitafua, nitajifanya niko bize. Keshokutwa napanda Newala. Sitaki ukoo, sitaki kuku, nataka tukae wawili tu. Barua nitaiacha mfukoni kwanza.

Sentensi ya kwanza ninayo, nimeirudia mbele ya kioo: "Babu, uso wako haukuwa na kosa lolote."

Ya pili sina.