Sanduku la Bwana Farasi

Jumatatu, 4 Agosti
Sanduku la Bwana Farasi lilitoka jikoni mwangu mwezi wa sita. Halijarudi. Ndani mna karatasi za Bwana Farasi mwenyewe, yule Muzungu aliyeandika vitabu na kupanda farasi hapa Kindu, pamoja na foto moja. Karatasi ni zake. Foto njo yangu: Muzungu yuko juu ya farasi, baba yuko chini, ameshika hatamu. Baba hana foto nyingine duniani.
Aliyelichukua ni Assumani, mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kumbukumbu mjini. Alisema wiki mbili. Sikumdai hata sahihi. Mtoto niliyembeba mgongoni, nimwombe sahihi? Mjinga mimi.
Mchele wangu wa kuuza umefika kutoka Kibombo. Magunia matatu yamelowa. Siku mbaya nzima.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimevuka mto asubuhi mpaka nyumba ya kumbukumbu. Assumani ana tai shingoni, katika joto hili.
"Mama mudogo, vumilia. Foto iko kwa kusafishwa. Ilikuwa nyeusi na moshi."
"Moshi wa jiko langu njo uliiokoa."
Akawageukia wenzake: "Muone mama yangu, huyu njo alikausha Muzungu kama samaki!"
Wamecheka wote. Nimerudi Alunguli, ng'ambo yetu, bila foto.

Jumapili, 10 Agosti
Kicheko kile bado kinaniuma.
Kichanja cha juu ya moto wangu, cha samaki na mahindi, njo kililinda sanduku miaka yote ya vita. Askari waliingia wakitafuta karatasi za kusokotea tumbaku. Walipasua godoro. Walichukua madaftari ya shule. Kuinua macho, hapana: moshi uliwatoa machozi. Mchwa nao hawakulisogelea.
Akili hiyo ni ya baba. Alimfukizia farasi moshi kila magharibi ili mbung'o wasimuume. Muzungu alipoondoka alimwachia sanduku: tunza, nitarudi. Hakurudi. Baba alitunza mpaka kufa, nami nikapokea. Cha kuchekesha kiko wapi?

Jumamosi, 16 Agosti
Maonyesho ya Bwana Farasi yamefunguliwa kwenye nyumba ya kumbukumbu. Viti vya plastiki, soda, hotuba. Muzungu amesifiwa. Hata farasi amesifiwa. Jina la baba, kimya.
Foto iko ukutani, nyuma ya kioo. Kofia ya Muzungu inaonekana vizuri. Masikio ya farasi. Hatamu inashuka mpaka kwenye mkono, mkono unapanda mpaka begani. Juu ya bega, doa jeupe.
Nimeuliza kwa sauti uso wa baba uko wapi. Hotuba imekatika. Assumani amenivuta pembeni.
"Kitambaa kilikuwa na maji, Mama mudogo. Picha ikaanza kubanduka. Tulipoona vile, tukaacha palepale."
Palepale. Kwa hiyo kwa Muzungu hawakufika. Kitambaa walikijaribia kwa baba yangu.
Nilitaka kumpiga. Sikumpiga. Watu wengi.

Jumanne, 19 Agosti
Mchele uliolowa umekauka. Gunia moja tu limeharibika, hilo la kulisha kuku.
Dada amekuja kumwombea mwanawe msamaha. Nimempa chai. Msamaha sijampa. Anasema Assumani atamtia baba uso mwingine kwa mashine. Uso wa nani?
Alipoondoka nimekaa kando ya moto. Kichanja kina samaki tu. Nimejaribu kumkumbuka baba: nyusi, kovu la kidevuni, jino lililopinda. Kovu lilikuwa upande gani? Nikifumba macho naliona doa.
Nimemtumia dada neno ampelekee mwanawe. Sitaki pole, sitaki uso wa mashine. Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, Assumani avuke mto, aketi hapa penye moshi, anijibu kwa mdomo wake: walikuwa watatu katika ile foto, Muzungu, farasi na baba. Nani aliamua kitambaa kianzie kwa baba?