Mama Aliyekuwa Kwenye Mkokoteni

Mount Dennis, Toronto
18 Oktoba 1998

Baba mpendwa,

Salamu zangu zikukute umeketi na chai yako ya saa kumi, na mama pembeni akikuhimiza unywe kabla haijapoa. Mgongo wake unaendeleaje? Nyanya ameshakubali kuvaa miwani, au bado anasema ni ya watu wanaoharakisha uzee? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza kutubishia hodi, lakini koti ninalo na chakula nakula. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, na nakuomba barua hii uisome mwenyewe, usimpe mtoto akusomee kwa sauti.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba mimi na Kemunto, binti wa Baba Mdogo Philip, tunaomba nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kimoja. Watu wa kanisani walitutania kwamba nyumba ya Baba Mdogo itageuka hospitali. Lakini sikukueleza habari za ukurasa wa saba wa ile fomu. Una swali moja tu: je, mwombaji amekulia katika hali ngumu iliyomrudisha nyuma? Ukitia tiki kwenye Ndiyo, unaandika insha kueleza maisha yako, na mtu mzima anayekujua anathibitisha. Kila mwaka chuo hutenga nafasi chache kwa watu wa namna hiyo.

Rafiki yangu Farhat wa Thorncliffe Park, ambaye baba yake kwao alikuwa mhandisi na hapa anaendesha teksi, alitia tiki siku ile ile aliyoipokea fomu. Mimi nilifikiria wiki mbili nzima, akanicheka sana. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Ningeandika siku ile mama aliposhikwa na uchungu wa kujifungua na gari halikupatikana, ukamlaza kwenye mkokoteni wa majani chai, ukausukuma kwenye matope kuelekea zahanati, mimi nikimshikia karatasi ya nailoni ya kijani juu ya uso mvua isimpige. Ningeandika jinsi Bosire alivyozaliwa njiani na kufia njiani, na kwamba hapo ndipo nilipoapa kuwa daktari. Ningeandika chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, chini ya nyumba ya Baba Mdogo, ninapolala tangu nilipokuja nikiwa na miaka kumi na mitano, huku Kemunto ana chumba chake juu chenye dirisha. Ningeandika zile ofisi za Richmond Hill ninazosafisha nikitoka masomoni, na mifupa ya kuku niliyokuwa nikiiosha baada ya chakula cha Jumapili, na kuikausha juu ya boila ili nijifunze viungo.

Niliogopa jambo moja tu, kukuaibisha wewe. Nikamwendea Baba Mdogo kutaka ushauri. Alivua miwani, akasema watu wa ukoo wetu hawaaniki umaskini wao mbele ya wageni. Akasema Mzungu akishajua mama yako alibebwa kama gunia, hatakuona daktari maisha yake yote. Akamalizia kwamba wewe, Baba, ukisikia hutaweza kuinua uso mbele ya wenzako. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikatia tiki kwenye Hapana kwa heshima yako, na fomu nikaituma.

Mwezi wa tano majibu yakaja. Kemunto alipata. Mimi niliandikiwa kwamba alama zangu ni nzuri sana ila nimekosa kidogo, nijaribu tena. Nililia, nikanawa uso, nikaenda kupika chapati za kumpongeza. Haki ya Mungu, Baba, sikumwonea wivu. Ni dada yangu.

Mwezi wa nane ikafanywa ibada ya shukrani. Unajua sisi, mtoto akifaulu lazima asimamishwe mbele ya kanisa zima atoe ushuhuda. Mchungaji akamwomba Kemunto atusomee ile insha iliyompatia nafasi. Akasoma kwa Kiingereza kizuri. Akasoma mvua. Akasoma mkokoteni na nailoni ya kijani, akasoma mtoto aliyefia njiani, chumba cha boila, hata mifupa ya kuku. Kemunto, Baba, aliyeletwa Toronto akiwa bado ananyonya! Kanisa lote lililia. Mama Mdogo, ambaye tangu azaliwe hajapanda mkokoteni, alikuwa mstari wa mbele akifuta machozi kwa leso. Mimi nilikaa na sahani ya keki mkononi, watu wakinipiga bega na kuniambia nina bahati kuwa na dada shujaa kama yule. Nami nikasema amina. Nilisema amina, jamani!

Tulipofika nyumbani nikamuuliza Baba Mdogo mbele ya mkewe. Nilitegemea akane au anifokee. Kemunto alikimbilia juu akafunga mlango. Baba Mdogo akafungua droo, akanipa karatasi moja ya buluu, ile ya barua za ndege, akaniambia nisome kwanza ndipo nimwite mwizi.

Baba, mwandiko wako naujua. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Ulimjibu kwamba ikiwa chuo hakitaamini hadithi mbili zinazofanana kutoka nyumba moja, basi hiyo moja apewe Kemunto. Ulisema wamenilea miaka mitano na huna kingine cha kuwashukuru. Ulisema Moraa ana kichwa, atapita mlango wa mbele bila kushikwa mkono, huyo mwenzake ndiye asaidiwe. Ukamweleza kila kitu cha siku ile, hata rangi ya nailoni, asije akakosea. Na mwisho ukamfundisha namna ya kunizuia: alitaje jina lako tu, nitatii.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya kuwatisha watoto.

Nimekasirika, Baba, na sitakuficha. Ungeniandikia tu, mwanangu, mwachie mwenzako, ningelia lakini ningemwachia. Ndivyo ulivyonilea. Hukuniuliza. Ulitoa maisha yangu kama mtu anayemgawia jirani mche wa mgomba. Na mama je, ulimuuliza? Bosire alikuwa mtoto wake.

Sasa nikiri langu, kabla hujalisikia kwa mwingine. Ijumaa nilipeleka posta fomu mpya, kwa chuo kile kile. Ukurasa wa saba nimetia tiki kwenye Ndiyo na nimeandika yote. Farhat alinishauri nibadilishe kidogo wasije wakashtuka. Nilikataa. Kwa nini nibadilishe maisha yangu ili yasifanane na ya mtu aliyeyachukua? Najua wataziweka insha mbili mezani, jina moja la ukoo, anwani moja. Huenda wakamfukuza Kemunto. Huenda mwongo wakaniona mimi, na mlango ukafungwa kabisa. Lakini pale wanapotaka mtu mzima anayenijua, nimeandika jina lako na sanduku lako la posta.

Watakuandikia. Safari hii utachagua nami nikijua. Sikuombi unipendelee, na sikuombi umchafue Baba Mdogo. Mkokoteni uliusukuma wewe, Baba. Waambie tu ni mama yupi alikuwa ndani yake.

Nisalimie nyanya, na majirani wote wanaoniulizia. Mama nimemtumia soksi za sufu, zitakuja na mtu anayerudi huko Desemba. Mwambie nampenda. Barua hii usimfiche, ila umweleze kwanza kwa kinywa chako mwenyewe. Mungu awatunze nyote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako, dada yake Bosire,

Moraa