Wimbo wa Kilimia Bado Haujapata Amina

S.L.P. 214,
Nyeri.
9 Januari, 1986

Mpendwa mwanangu Seth,

Salamu nyingi kutoka hapa Ruring'u, mahali baridi inaamka kabla ya jogoo. Hujambo? Benter hajambo? Na Khavere mdogo, mwenye jina langu, meno yameota yote? Mwambie nyanya yake bado ako na yake yote isipokuwa mawili, na hayo hayaonekani nikicheka. Sisi tu wazima. Baba yako goti linamsumbua ukungu ukishuka, lakini analaumu kazi ya polisi, halaumu uzee.

Barua yako ya Novemba ilifika. Kuna mahali sikuelewa, na si kwa sababu niliishia darasa la nne. Umesema kinanda chako tukipe kanisa, ati bendi yenu ya Kilimia ilikufa zamani na hakuna anayekumbuka zile nyimbo zenu za nyota na sayari. Nani amekuambia hivyo? Ngoja nikueleze siku ya pili ya Krismasi ilivyokuwa hapa kwangu.

Wapenzi wa Kilimia, wale wanaokuja kwangu kila mwaka, walianza kufika kabla sijamaliza kupika. Wacera, yule nesi wa Kerugoya aliyekuwa akisimama mbele kabisa mkipiga ukumbini, alikuja na sukari, unga na kuni, kama mtu anayeenda kumwona mzazi. Nikamwambia, "Wacera, mimi nimejifungua lini tena?" Akasema, "Mama Seth, ulituzalia Kilimia. Bado hatujamaliza kukuletea." Nikasema basi asichoke.

Samatar, yule wa kuuza ng'ombe, alitoka Nanyuki na mbuzi mzima. Watu walijaa mpaka uani, wengine wamekalia madebe. Jirani yetu Mama Murugi alikuwa anachungulia kwenye ua. Unajua anavyojisifu na kijana wake wa benki. Nilimuuliza polepole tu, kwa upendo, kama kuna mtu amewahi kutoka Nanyuki na mbuzi kuja kusikiliza benki. Akarudi ndani.

Kisha Nderitu akatoa gitaa. Siku hizi anapima kahawa kiwandani Mukurweini na amenenepa, lakini akishika gitaa ni yule yule wenu. Akapiga ule wimbo mrefu wa safari ya Zuhali. Zamani nikiusikia nilidhani redio imeharibika, vile unavuma kama upepo kwenye mabati. Sasa naujua wote, hata nikikamua ng'ombe unanitoka.

Akifika mahali pa kinanda chako, Nderitu hapigi. Anaweka mkono juu ya nyuzi, anangoja. Hajawahi kuruhusu mtu mwingine akalie kiti chako. Basi watu wanafunga macho na kukiimba kinanda kwa midomo, bila neno hata moja. Wacera anashika sauti ya chini, Samatar na koo lake la kuita ng'ombe anapanda juu. Hata watoto waliozaliwa ukiwa Mwanza wanajua. Halafu wote wananyamaza, kile kimya kirefu mlichokuwa mnaweka kabla ya mwisho.

Sijawahi kukuambia yaliyonipata mara ya kwanza walipokuja, mwaka ule mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa nawe ukabaki huko Mwanza. Wewe unajua mimi ni mtu wa Friends, nimelelewa katika kanisa la kukaa kimya. Nikaona watu wamefumba macho, wametulia, nikajua haya ni maombi. Nikasimama na mwiko mkononi nikasema kwa nguvu, "Amina." Walicheka mpaka Nderitu akakaa chini. Lakini mwaka uliofuata kimya kilipofika, wote walinigeukia. "Mama, tufungie." Tangu hapo wimbo wenu hauishi mpaka niseme Amina. Mimi nami ni mtu wa Kilimia, mwanangu, na sijashika hata kayamba.

Sasa mwaka huu walinigeukia, na barua yako iko mfukoni mwa aproni. Nikaona nikisema Amina, kinanda kinaondoka na wewe unaondoka nacho. Nikafunga mdomo. Nderitu akauliza, "Mama Seth, umesahau?"

"Sijasahau," nikamwambia. "Wimbo haujaisha. Mwenye kinanda yuko hai, na mpaka uko wazi mwaka wa tatu sasa."

Hakuna aliyecheka. Wacera alijifuta macho kwa nepi ya mtoto aliyempakata. Wakaenda kwao hivyo hivyo. Samatar ameniletea neno kwamba wimbo unamsumbua kichwani hata mnadani, ati ninamwonea. Mwache asumbuke.

Kinanda hakiendi kanisani. Baba yako, yule aliyesema kinatisha kuku, hukifunika kwa kabuti lake la polisi mwaka mzima, hata baridi ya Julai. Na Jumapili akidhani niko jikoni hukiwasha, anabonyeza mahali pamoja tu, anasikiliza, anazima. Nilimuuliza anatafuta nini. "Naangalia kama panya wameingia." Panya gani hao wanaofuata Jumapili?

Umesema pia vidole vimekuwa vigumu kwa kazi ya pamba. Hiyo si neno. Nderitu mwenyewe anakosea siku hizi, na akikosea ndipo wanampenda zaidi. Njoo Pasaka, na Benter, na mtoto. Usiniletee kitu. Mbuzi ni wa Samatar.

Msalimie Benter na wazazi wake huko Musoma. Shangazi yako Keziah anakusalimu. Nderitu hakuniambia nikusalimie, lakini nilimwona akiondoka, akainua lile kabuti kidogo, akakigusa kinanda.

Mungu akulinde mwanangu, akulainishie njia na vidole. Najua hapa unangojea neno moja la kufunga maombi. Sitaliandika. Nitalisema hapa sebuleni, ukiwa umekaa.

Mama yako akupendaye,
Khavere