Aliyemuuliza Baba Alivyolala

Mexicali, Agosti

Kaka yangu mpendwa Heriberto,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe, wifi yangu Amparo na watoto wote. Natumaini huko Toluca bado mnalala na blanketi. Sisi huku tukifungua bomba la maji ya baridi, yanatoka ya kutengenezea kahawa. Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye sasa hajambo, na hilo neno "sasa" ndilo limenifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningekuficha nusu.

Nilikwisha kukueleza habari za Yadira Quijada, yule binti aliyekuja redioni kwetu hajui hata kushika kipaza sauti, nikamfundisha mimi. Basi mwezi huu waandishi wa hapa mjini tuliitwa kwenye mafunzo ya kuripoti joto kali na mabadiliko ya tabianchi. Mkufunzi alikuwa Bi Rosaura Tapia kutoka Hermosillo, mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Nilikwenda kifua mbele. Nani hapa anayelijua joto kuliko mimi? Kila Julai kipande changu cha redio cha kukaanga yai barabarani hurushwa mpaka mji mkuu, na watu hunisimamisha sokoni kunicheka kwa upendo.

Siku ya kwanza Bi Rosaura akatusikilizisha kipande cha mfano. Ndugu yangu, kilikuwa ni kile changu! Hakujua mwenyewe amekaa mbele yake. Akasema, "Jamani, huyu katuchekesha, lakini yule anayekufa kitandani kwake yuko wapi? Joto haliui barabarani tu. Linaua ndani ya nyumba, usiku usiopoa, na cheti cha kifo kinaandikwa moyo." Darasa zima likanigeukia. Jamaa mmoja wa gazeti akaninong'oneza, "Nereida, na leo umetuletea yai?" Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Yadira peke yake hakucheka, akainamisha kichwa, na huruma yake ile iliniuma kuliko kicheko.

Tangu hapo sikuwa na raha. Yadira akiuliza swali, Bi Rosaura anasema, "Hilo ndilo swali!" Yadira akisoma alichoandika, watu wananyamaza. Nami nilikaa nyuma nikijiambia kwamba hata kuvuta pumzi kabla ya kusema alijifunza kwangu. Kaka, wivu ni kama mchanga ndani ya kiatu: unatembea na watu, unaongea nao, na kila hatua unaumia peke yako.

Kisha tukapewa zoezi la kutafuta habari. Bi Rosaura alisisitiza kwamba mzee anayeishi peke yake usimuulize kama anasikia joto, kwa sababu atakujibu kuwa amelizoea. Muulize jana alilalaje. Mimi nikaona hayo ni mambo ya watoto, nikaenda kumhoji mkubwa mmoja wa idara ya hali ya hewa, nikarudi na maneno mengi na takwimu. Yadira akaenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba mtaa wa Pueblo Nuevo.

Naam, mtaa wetu. Akabisha mlango wa baba bila kujua ni wa nani.

Baba akamkaribisha, akamwambia yote. Kwamba kiyoyozi kilikufa tangu Juni. Kwamba usiku analowesha shuka, anajitandika sakafuni. Kwamba siku hizi anasahau kula. Yadira alipomuuliza kama hana watoto, akajibu anao wawili, wa kiume yuko mbali na wa kike ana kazi nyingi, hataki kumsumbua. Mimi, Heriberto, nilikuwa nampigia simu kila Jumapili. "Baba, joto vipi?" "Aa, binti yangu, tumelizoea." Tunacheka, nakata simu.

Kesho yake Yadira akarudi kumpelekea barafu, roho yake haikutulia. Alimkuta ameanguka jikoni, ngozi inawaka na kavu, anaongea maneno yasiyo na kichwa, anamwita marehemu mama. Yadira alikuwa amefundishwa dalili zile, na mimi pia, darasa lilelile. Akamfunika vitambaa vya maji, akaita gari la wagonjwa. Wakati wa kusubiri ndipo akaiona picha yangu ukutani, akanipigia.

Hospitalini daktari alituambia baba atapona, ila angechelewa kidogo tungemzika. Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata padre. Nilipoyasikia maneno hayo, kitu cha kwanza kunijia moyoni hakikuwa shukrani. Nilimtazama Yadira ameshika mkono wa baba, nikawaza: hata baba pia kanichukulia. Ndiyo, kaka. Baba yuko kitandani, na mimi nina wivu.

Wala haukuishia hapo. Yadira alisema habari haitatoka bila idhini yetu. Nikakataa. Nikasema ni heshima ya mzee, mambo ya nyumbani hayatangazwi. Hakubisha, aliitikia tu, "Sawa, dada." Baba alipopata nguvu akaniuliza habari yake imefikia wapi, nikamjibu nimeizuia kwa ajili yake. Akanitazama kama alivyokuwa akitutazama tukiwa wadogo tumevunja kitu. "Nereida, mtaa huu una wazee wangapi kama mimi? Heshima gani unayoilinda, yangu au yako?" Nikatoka nje nikampigia Yadira.

Habari ilirushwa Alhamisi. Baba mwenyewe alisimulia, na nilimtaka Yadira anitaje kwa jina langu kamili, binti mwandishi asiyejua. Alisita, nikamwambia asipolisema yeye, nitalisema mimi. Tangu siku hiyo majirani wa Pueblo Nuevo wanagongeana milango asubuhi. Baba amehamia kwangu, analalamika kwamba kiyoyozi changu kinampa mafua.

Jumapili Yadira alikuja, tukala wali wa Wachina wa mtaani, kisha wakacheza domino na baba. Baba alimwita "binti yangu", wakacheka kwa mambo nisiyoyajua. Niliwamiminia maji, na wivu ulikuwepo bado, nimekaa nao mezani kama mgeni asiyeaga. Lakini Yadira alipoinuka kuondoka, nilimwambia Jumapili ijayo aje tena, na nilimaanisha.

Wasalimie wote wanaotuuliza hali, mbusu mtoto wenu mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Mpigie baba, kaka, wala usimuulize habari za joto.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nereida