Mjomba Amefungua Chupa ya Ginevra

Shoga, niko nje kwenye ngazi za kwa mjomba Nazzareno.

Amefungua chupa ya Ginevra! Ile ya mvinyo wa Sagrantino aliyoitengeneza mwaka aliozaliwa mjukuu wake, ile aliyokuwa akitufokea tusiiguse mpaka siku ya harusi ya mtoto.

Ginevra ana miaka minne, shoga. Minne! Na leo ni chakula cha mchana tu.

Fiorella alidhani baba yake amekosea chupa. Alipoonja, uso ukamkunjamana, maana mvinyo ulimkamata ulimi kama ndizi mbichi.

"Baba, huu bado! Si ulisema unataka miaka ishirini?"

Mjomba akajibu, "Unataka ishirini. Daktari haniahidi hata Pasaka."

Hata Pasaka. Amesema hivyo huku anakata nyama!

Tulijua anakohoa, lakini nani alijua ni hivi?

Akamwekea Fiorella kipande cha kondoo chenye mafuta mengi. "Kula hiki kwanza, ndipo unywe. Mafuta yanapunguza ule ukali."

Maskini Fiorella akala, akanywa, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye sahani.

"Ehe, unauonaje?"

"Laini, baba. Laini kabisa."

Mjomba akacheka mpaka kikohozi kikambana. "Mwongo we! Mimi ndiye niliyeutengeneza."

Halafu akamshika mkono binti yake. Nimetoka nje, shoga, bado hajauachia.